Kutafuta Nyumba ya Katikati

Binamu yangu alinipigia simu saa tatu usiku kutoka kijijini, Makueni. Alikuwa ameitwa chuo kikuu na alikuwa akijaza fomu ya ufadhili kwa simu ya mamake, bando likielekea kuisha. "Hapa wanauliza familia yetu hupata pesa ngapi kwa mwezi," akasema. "Niandike ngapi?"

Nikamwambia amuulize mamake. Nikasikia mama akisema, muulize babako. Baba, ambaye ni fundi wa mawe, na pia mkulima wa ndengu, na pia dalali wa embe msimu ukifika, alinyamaza kidogo kisha akauliza bila utani wowote: "Mwezi gani?"

Tulicheka wote. Nilipokata simu sikucheka tena, kwa sababu lile swali la mzee ndilo swali ambalo nchi hii imekuwa ikilizunguka tangu enzi za mkoloni. Watu wa kaunti fulani wanapata ngapi? Na je, wanapata zaidi ya walivyopata miaka kumi iliyopita, au tunadanganyana tu?

Kwanza tuelewane kuhusu ni nani tunayemtafuta. Chukua nyumba tisa za kijiji kimoja. Kwa mwezi zinaingiza 3,000, 4,500, 6,000, 7,000, 8,500, 10,000, 14,000, 22,000, na ile ya tisa, ya jamaa mwenye malori ya mchanga, 240,000. Ukijumlisha ugawanye kwa tisa unapata wastani wa 35,000. Sasa niambie, ni nani pale kijijini anapata 35,000? Hakuna. Lakini ukizipanga foleni kutoka ya chini hadi ya juu, ukasimama mbele ya ile ya tano, unakuta 8,500. Hiyo ndiyo nyumba ya katikati. Nusu ya majirani wako chini yake, nusu wako juu. Mwenye malori akinunua lori lingine, wastani unapanda. Nyumba ya katikati haisikii chochote. J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, alizoea kuonya kuhusu Kenya ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Alikuwa mwanasiasa, si mtu wa takwimu, ila alichokisema ni hiki hiki: wastani wa nchi kama hiyo unaweza kupendeza macho.

Basi nikaanza kuitafuta nyumba ya katikati ya Makueni, na kujaribu kuifuata kurudi nyuma. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja.

Kuhesabu kwa kwanza kulikuwa kwa nyumba zenyewe. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilikisia idadi ya Waafrika kwa kuhesabu nyumba zinazotozwa kodi kisha kuzidisha kwa idadi ya watu waliodhaniwa kulala ndani. Sensa kamili ya kwanza ilifanywa 1948. Kwa hiyo karibu nusu karne mwananchi aliingia kwenye vitabu kama paa lenye deni.

Halafu ng'ombe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni hadithi ya kwetu. Mwaka 1938 wakubwa wa serikali waliamua kwamba Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, walikuwa na mifugo kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Ng'ombe wakahesabiwa, wakapigwa chapa, na waliosemekana kuzidi wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, soko likiwa tayari kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River. Julai mwaka huo maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto, walitembea hadi Nairobi kutaka kumwona gavana, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa. Aliyewaongoza, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Serikali ililegeza kamba, lakini somo lilikuwa limeingia: mtu akija kuhesabu mali yako, ujue atarudi.

Nilikuwa karani wa sensa ya 2019. Nilipewa tableti, koti la kung'aa na mzee wa mtaa wa kunisindikiza. Ule usiku wa Agosti 24 na siku zilizofuata niliuliza mambo ya paa, ukuta, sakafu, maji, choo, redio, mbuzi na kuku. Kipato hakikuwemo kwenye maswali; sensa yetu haiulizi. Hata hivyo, mama mmoja mzee aliponiona naandika mbuzi wake alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "hao wawili si wangu, wamekuja kulala tu." Walikuwa wake. Jirani alinikonyeza. Hakuna mtu aliyemfundisha mama yule habari za 1938, lakini zilikuwa pale, zimesimama naye mlangoni.

Baada ya uhuru, hesabu zilianza kuvaa suti. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi, yaani sehemu zenye ardhi nzuri, mvua na barabara. Ukishaamua hivyo, sehemu zisizo na mvua huna haraka ya kuzipima. Uchunguzi wa bajeti za nyumba za mjini ulifanywa 1968/69. Ule mkubwa wa mashambani ulikuja 1974/75, ukawahusu wakulima wadogo. Maeneo ya wafugaji yakaachwa nje, na mashamba makubwa vilevile. Tafakari hapo. Walioachwa nje ni watu wa chini kabisa na watu wa juu kabisa wa foleni yetu, halafu tunauliza katikati ni wapi. Miaka ya baadaye Arne Bigsten, mchumi kutoka Sweden, aliandika kitabu kizima cha kukisia mgawanyo wa mapato Kenya kuanzia 1914 hadi 1976. Ni kazi ya heshima, na ni ya kuunganisha vipande: mishahara huku, mauzo ya mazao kule, kodi pale.

Ukienda mbele unakutana na uchunguzi wa mashambani wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, halafu zile tafiti za hali ya maisha za 1992, 1994 na 1997, kisha zile mbili ambazo kila mtu huzitegemea: ya 2005/06 na ya 2015/16. Ukizipanga mezani unadhani umepata ngazi ya kupanda. Hapana. Kila kidato kimetengenezwa na fundi wake.

Kuna shida ya mipaka. Makueni haikuwepo. Ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, kwa hiyo kwenye takwimu za mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Kibwezi wamechanganywa na watu wa Kangundo wenye kahawa, na huwezi kuwachambua kama mchele. Wilaya ziliendelea kugawanywa kila kiongozi alipotaka kufurahisha mahali fulani. Kufikia sensa ya 1999 zilikuwa 69 ukihesabu Nairobi. Katiba ya 2010 ikarudi kwenye wilaya za sheria ya 1992, na ndipo tukapata kaunti 47. Anayetaka kufuata kaunti moja kwa miaka hamsini lazima ashone vitambaa vya saizi tofauti, na mishono yake itaonekana.

Halafu shida ya mzee: mwezi gani? Watafiti wa Kenya waligundua mapema kwamba kumuuliza mkulima kipato ni kumtafutia dhambi ya uwongo. Hajui, au anajua hataki kusema, au chakula chenyewe ndicho kipato na hakijawahi kuwa pesa. Ndiyo maana KNBS inaegemea zaidi matumizi. Mlikula unga kiasi gani siku saba zilizopita? Ulinunuliwa au umetoka shambani? Mafuta ya taa, sabuni, karo, nauli? Ule utafiti wa 2015/16 uliendeshwa miezi kumi na miwili, Septemba hadi Agosti, ili usikute kila mtu wakati wa mavuno na kumwita tajiri. Nyumba 24,000 zilichaguliwa nchi nzima. Ukigawanya kwa kaunti 47, kila kaunti inabaki na nyumba mia tano na kidogo. Makueni peke yake, kwa sensa ya 2019, ina watu 987,653. Kwa hivyo ukisikia kaunti fulani imepanda kwa asilimia mbili mwaka huu, tulia kwanza. Inaweza kuwa ni bahati ya nani aligongewa mlango.

Na nyumba ni nini? Kwenye tafiti ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Mimi niko Nairobi, nakula chungu changu cha ugali na mayai pale Umoja, kwa hiyo si mtu wa nyumba ya mamangu. Lakini zile elfu mbili ninazotuma kila mwisho wa mwezi ni zake. M-Pesa ilianza Machi 2007. Utafiti wa 2005/06 ulifanywa wakati pesa za mjini zilisafiri kwa bahasha mkononi mwa kondakta, na ule wa 2015/16 ukafanywa wakati zinaingia kwenye simu kwa mlio mmoja. Je, katikati pale maisha yalibadilika, au kumbukumbu za watu ndizo zilizobadilika kwa sababu sasa kuna meseji ya kuangalia? Nadhani yote mawili.

Wataalamu wamejaribu kuziba mashimo haya kwa ujanja mmoja mzuri, na nitausema kwa lugha ya kawaida. Utafiti una maswali mengi lakini nyumba chache. Sensa ina maswali machache lakini nyumba zote. Basi unatumia utafiti kujifunza kwamba nyumba yenye paa la namna hii, mama aliyesoma hadi darasa hili, watu sita ndani na maji ya bomba, kwa kawaida hutumia kiasi hiki. Kisha unachukua kanuni hiyo unaipeleka kwenye kila nyumba ya sensa na kukisia matumizi yake. Elbers na Lanjouw wawili walichapisha njia hii 2003, na mwaka huo huo Kenya ikatoa ramani yake ya umaskini hadi ngazi ya lokesheni, ikioanisha utafiti wa 1997 na sensa ya 1999. Kwa mara ya kwanza chifu angeweza kuona eneo lake kwenye ramani. Sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ilibaki bila rangi. Hapakuwa na takwimu za kutosha za kuipaka.

Mimi napenda ujanja huo, ila niliwahi kushika tableti kwa hivyo najua mahali unapoteleza. Paa la mabati Makueni halimaanishi kitu kile kile Turkana. Mfugaji anaweza kuwa na ngamia ishirini na nyumba ya ngozi na vijiti. Mpangaji wa Pipeline ana sakafu ya vigae na deni la kodi la miezi miwili.

Wamarekani wana rekodi za kodi. Ofisi yao ya sensa hukisia kipato cha nyumba ya katikati kwa kila kaunti, kila mwaka, na kaunti zao zinapita elfu tatu. Sisi, zaidi ya asilimia 80 ya ajira zetu ni za jua kali. Mama mboga hana payslip.

Tangu 2019 kuna pia hesabu za pato la kila kaunti, kuanzia mwaka 2013, na watu hupenda kuzirusha mitandaoni kana kwamba ni mishahara. Si mishahara. Marsabit ina mitambo ya upepo 365 kule Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Umeme ule unaandikwa Marsabit, unasafiri kwa nyaya hadi Suswa, na faida inaishia kwa wenye hisa. Nyumba ya katikati ya Marsabit inaweza kuwa inawasha tochi.

Sasa Makueni. Hatuna mfululizo wa kipato, lakini kuna njia ya mkato. Kiwango cha umaskini hukuambia ni watu wangapi wako chini ya mstari fulani. Kama zaidi ya nusu wako chini, basi mtu wa katikati naye yuko chini. Kama ni chini ya nusu, amevuka. Rahisi hivyo. Mwaka 2005/06 mstari wa mashambani ulikuwa shilingi 1,562 kwa mtu mzima kwa mwezi. 2015/16 ulikuwa 3,252. Watoto huhesabiwa kwa vipande: wa chini ya miaka mitano ni 0.24 ya mtu mzima, wa miaka mitano hadi kumi na minne ni 0.65. Chukua baba, mama, mtoto wa miaka kumi na wa miaka mitatu. Hao ni watu wazima 2.89. Mstari wao ulikuwa kama 4,500 mwaka 2005/06, na kama 9,400 miaka kumi baadaye.

Makueni ilikuwa na zaidi ya asilimia 60 chini ya mstari ule wa kwanza. Ule wa pili, asilimia 34.8. Maana yake mtu wetu wa katikati alivuka mstari mahali fulani katika ile miaka kumi, huku mstari wenyewe ukiwa umepanda zaidi ya mara mbili. Turkana ilikuwa na asilimia 79.4 mwaka 2015/16. Mtu wa katikati kule alikuwa bado chini, na mbali. Nairobi ilikuwa 16.7. Najua hesabu ya umaskini huhesabu watu, wala si nyumba, kwa hivyo nimeegesha kidogo. Na siamini anguko lote la Makueni. Sehemu yake ni maswali kubadilika na misimu. Lakini siwezi kulikataa lote pia. Nilikulia pale. Niliona ndengu zikigeuka kutoka chakula cha njaa kuwa zao la lori.

Kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu pesa zinafuata namba hizi. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha iliupa umaskini uzito wa asilimia 20. Mwaka 2020 maseneta walishindwa kukubaliana juu ya fomula ya tatu kikao baada ya kikao, wengine wakidai shilingi ifuate idadi ya watu, wengine wakiuliza nani atalipa deni la miaka hamsini ya kusahauliwa. Walipokubaliana, umaskini ulibaki na asilimia 14. Na Tume ya Ugavi wa Mapato yenyewe, iliyokuwa imeanza kwa kutaja kaunti 14 zilizotengwa, baadaye ilihamia kwenye maeneo madogo ikataja 1,424 ndani ya kaunti 34. Kaunti nzima ni shuka kubwa mno. Kuna wanaolala nje ya shuka hata kwenye kaunti tajiri.

Na pesa zinafuata hadi kwa binamu yangu. Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza 2023 hupanga wanafunzi kwa bendi kulingana na kipato cha familia. Bendi ya kwanza, ya wahitaji zaidi, ni familia isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Nilipoiona namba hiyo nilirudi nyuma kwenye ripoti ya 2015/16 kuhakikisha macho yangu. Ndiyo hiyo hiyo: 5,995 ni mstari wa umaskini wa mjini. Namba kama hiyo haiokotwi barabarani. Ila kule kwenye ripoti ilikuwa ya mtu mzima mmoja, kwa bei za 2016. Ile familia yetu ya watu 2.89, ikikaa mjini, ingehitaji kama 17,300 ili kuufikia mstari. Kwenye fomu, namba ya mtu mmoja imekuwa ya nyumba nzima, na bei za mkate zimesimama pale zilipokuwa Uhuru akiwa muhula wa kwanza.

Binamu alipangiwa bendi ya nne, ya familia zinazopata hadi 120,000. Labda ni lile paa la mabati, labda ni pikipiki iliyoandikishwa kwa jina la baba. Hakuna aliyetueleza. Tulikata rufaa, na tukaambiwa tulete uthibitisho wa kipato.

Nilienda nyumbani wikendi iliyofuata. Mzee alikuwa amenunua daftari la kurasa 96 na kuchora mistari kwa rula ya mtoto. Januari 2,000. Februari 31,000, ndengu. Machi 4,500. Aprili hakuna. Mei 6,000, msingi wa choo cha kanisa, bado nusu. Tuliketi chini ya mwembe tukavuta kumbukumbu hadi Desemba, mama akisahihisha kila mara, maana yeye ndiye anayejua. Tulipoipanga miezi yote kumi na miwili kutoka mdogo hadi mkubwa, katikati ilianguka kati ya 5,000 na 6,000. Nikaandika 5,500.

Mzee akaiangalia ile karatasi kwa muda, kalamu bado mkononi.

"Na ile mbuzi tulichinja Krismasi," akauliza, "naiandika wapi?"